Madoa ya Daftari la Tisa

Wengine huzaliwa na sauti, wengine na mbio. Yeye alizaliwa na kinyaa. Mtaani walimwita Bi Kinyaa, naye hakulikataa jina, maana lilimpunguzia kazi ya kujieleza. Kikombe cha kupewa alikizungusha mara tatu akitafuta ukingo ambao haujaguswa na mdomo wa mtu. Akipewa mkono alitoa ncha za vidole, tena upesi, kama anayejaribu pasi imepata moto kiasi gani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mstaafu wa ofisi ya ramani, na hakuwahi kuolewa. Akiulizwa sababu alijibu kwamba amewahi kuwaona wanaume wakila.

Jumamosi hiyo mchana alikuwa sebuleni kwa mdogo wake, kwenye kiti alichokifuta kwanza kwa leso, na kinyaa kilikuwa kimempanda hadi kooni. Sebule ilikuwa imegeuzwa chumba cha mgonjwa. Kitanda kilisukumwa dirishani, chini yake beseni, pembeni ndoo yenye kifuniko, na hewani harufu ya dawa ya kuchua iliyochanganyika na harufu nyingine ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Nzi mmoja alikuwa akitembea juu ya kifuniko cha ndoo bila haraka yoyote. Bi Kinyaa alimfuata nzi huyo kwa macho, akiapa moyoni kwamba akitua kwake ataondoka na asirudi.

Mdogo wake, mpiga tarumbeta, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Kiharusi kilimwangusha miezi mitano iliyopita. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikavuta mdomo upande, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo ya kumwaga, kikamwachia moja tu: kumbe. Kwa neno hilo aliomba maji, alikataa dawa, alisalimia wageni na kuwafukuza. Waliomzoea walishajua kumbe ya njaa na kumbe ya hasira. Upande uliolegea wa mdomo ulitoa udenda mchana kutwa, na mkewe alikuwa amemfunga kitambaa shingoni kama mtoto.

"Tena, baba?" aliuliza binti yake.

Binti huyo, mfamasia wa hospitali, mwenye miaka ishirini na tisa na subira ya mtu anayehesabu vidonge siku nzima, alikuwa ameshika tarumbeta la baba yake. Alifundishwa kulipiga tangu hajaota meno ya pili. Mbele yake, juu ya meza, lilikuwa wazi daftari la tisa la michoro ya shangazi yake.

Mtu asiyejua angeona mandhari tu. Safu ya milima ilipanda na kushuka kutoka kushoto kwenda kulia, ukurasa hadi ukurasa, na chini yake ulikwenda mstari wa miti midogo. Lakini milima ile ilikuwa muziki. Kilele kilikuwa sauti ya juu, bonde sauti ya chini, na kila mti ulikuwa pigo moja la mguu. Yalikuwa madaftari kumi na manne, yote yamechorwa mazoezini, miguuni pa mpiga tarumbeta. Tangu kiharusi, binti alikuwa akiyasoma moja baada ya jingine na kumrudishia baba yake nyimbo zake, naye mgonjwa alikuwa akifumba macho na kutabasamu kwa nusu ya mdomo.

Mpaka walipofika kwenye daftari la tisa.

Binti alivuta pumzi akaanza. Sauti ilipanda mlima, ikashuka, ikapanda mwingine, ikaenda, ikaenda, haikukoma. Ilikuwa laini kupita kiasi, tamu ya kuchosha, kama mtu anayekubembeleza ununue kitu. Kufikia ukurasa wa pili shingo ya binti ilikuwa imevimba mishipa. Kufikia wa tatu alikata katikati akaanza kukohoa.

"Kumbe!" alisema baba yake, akapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Hiyo ilikuwa kumbe ya hapana. Udenda ulimtoka, akaugeuzia uso ukutani.

"Shangazi, hili linanishinda," binti alisema akifuta midomo. "Nafuata mlima kama ulivyo. Miti nahesabu. Lakini hauna pa kupumulia. Hakuna mtu anayeweza kupiga hivi. Na mbona madaftari mengine milima ina mapengo, huu hauna hata moja?"

"Labda mapafu yako madogo," alijibu Bi Kinyaa.

Alisema hivyo akimtazama nzi. Hakuthubutu kumtazama mtu.

Na wimbo huu ndio mgonjwa aliokuwa akiutaka. Hizo nyingine zilikuwa za kupitishia wakati. Huu aliutunga baada ya kifo cha mama yao, miaka kumi na miwili nyuma, na hakuwahi kuupiga mbele ya bendi. Aliupiga kabla wenzake hawajafika, yeye na dada yake tu chumbani. Hakuuandika kwa sababu hakujua kuandika muziki, na hakuurekodi kwa sababu kila alipoambiwa alijibu, "Acha uive kwanza." Sasa umeiva na mpishi hana mdomo. Kila asubuhi alinyoosha kidole kwenye tarumbeta, halafu kwenye daftari la tisa, halafu kifuani pake. Na daktari, mtu asiyependa kuzungusha maneno, alikuwa ameiambia familia kwamba kiharusi cha pili hakipigi hodi. "Kama kuna jambo mnataka kumfanyia," alisema, "mfanyieni sasa."

Dada mtu ndiye shahidi pekee wa wimbo, na shahidi huyo alikuwa hawezi kushika hata wimbo wa kumbembeleza mtoto. Sikio lake lilikuwa machoni. Muziki ukiingia aliona ardhi: hapa pameinuka, hapa pamebonyea, hapa pana ukungu. Ukimwambia akuimbie alichosikia jana, atakuchorea.

Chumba cha mazoezi kilikuwa stoo nyuma ya karakana ya fundi viatu. Bi Kinyaa alikichukia kwa moyo wote. Kilinuka gundi, ngozi, na jasho la miguu ya watu asiowajua. Viatu vilivyosahauliwa na wenyewe vilipangwa kwenye rafu hadi darini, midomo wazi, soksi nyingine bado zimo ndani. Kilikuwa chembamba kiasi kwamba yeye, ili apate pa kukaa, alijibana kwenye kigoda kati ya ukuta na kabati, kiwiko cha kulia kimegandamizwa, hakiwezi kusogea. Kwa hiyo hakusogeza mkono, alisogeza daftari. Aliliweka kwenye benchi fupi mbele yake, mkono wa kulia ukatulia mahali pamoja na penseli, na mkono wa kushoto ukawa unalivuta daftari polepole, kama mshonaji anavyopitisha kitambaa chini ya sindano. Mdogo wake alisimama juu yake, mguu mmoja kwenye benchi hilohilo, akipiga pigo. Kila pigo, mti. Alipovuta pumzi au kunyamaza, Bi Kinyaa aliinua penseli kwenye mlima na kuacha pengo, lakini miti iliendelea, kwa sababu mguu uliendelea. Miaka thelathini ofisini ilimfundisha jambo moja: ramani haitungwi. Palipo na shimo unachora shimo.

Kilichomtoa roho ni mate.

Mpiga tarumbeta akinyamaza kidogo hubonyeza kijiti kilichoko chini ya bomba na kupuliza, na maji yaliyojikusanya ndani yanadondoka. Yalidondoka wapi? Juu ya karatasi, kidole gumba kimoja kutoka ilipo penseli, kila mara, tone zito lenye ukijani wa shaba.

"Mshenzi wewe!" Bi Kinyaa alikuwa akiruka, kama mtu anaweza kuruka akiwa amebanwa na kabati. "Umenitemea tena!"

"Si mate, Dada. Ni pumzi tu. Pumzi ikipoa inakuwa maji."

"Na kinyesi ni chakula tu kilichochelewa. Geuza huko!"

"Nikigeuza huko nawatemea watu viatu vyao."

Alicheka, akaendelea kupiga, na lilipofika pengo jingine akadondosha jingine. Bi Kinyaa alifuta kwa leso, alilaani, alitishia kutorudi, na kila alipotishia alirudi. Wimbo wa mama yao ndio uliokuwa na mapengo mengi kuliko zote, na marefu, kwa hiyo ndio uliotapakaa madoa kuliko zote. Mapengo hayo yalikuwa na sababu. Mama yao akigomba alikuwa na desturi yake: anasema, halafu ananyamaza, anakutazama, anangoja jibu. Na ole wako ujibu. Mpiga tarumbeta aliuweka ukimya ule ndani ya wimbo kama ulivyokuwa. Bila ukimya ule mama hayumo.

Hayo yote Bi Kinyaa aliyajua. Na ndiyo yaliyomfanya ajione mchafu kuliko ile ndoo.

Kwa sababu miezi michache kabla ya kiharusi alijitokeza bwana mmoja mwenye ukumbi wa maonyesho, mtu wa mashati meupe na manukato makali yaliyoingia mlangoni kabla yake na kubaki chumbani baada yake. Bi Kinyaa alimpachika jina la Bwana Manukato. Alikuja kuyaona madaftari. Akakaa mezani, akafungua la tisa, akaramba kidole, akafunua ukurasa. Akaramba tena, akafunua tena. Kidole kilichotoka kwenye ulimi wa mtu mzima kilikuwa kikigandamiza kona za karatasi zake, moja baada ya nyingine, na kila kona ikabaki na unyevu unaong'aa. Na Bi Kinyaa, ambaye ndugu yake wa damu hakuwahi kudondosha tone bila kutukanwa, alikaa kimya. Alitabasamu. Alimwongeza chai.

"Mkono mzuri sana," alisema Bwana Manukato. "Lakini hii milima imekatikakatika, kama mdomo wa kibogoyo. Nani ataning'iniza mapengo ukutani? Na haya madoa ni ya nini?"

"Chai," alijibu Bi Kinyaa.

"Yatoe. Unganisha milima, tia rangi kidogo. Halafu tutaongea."

Hakulazimishwa na mtu. Kwa siku kumi na moja alikaa dirishani na wembe, raba na rangi za maji. Madoa aliyakwangua moja moja mpaka karatasi ikawa nyembamba. Mapengo aliyaziba kwa miteremko laini aliyoitunga mwenyewe, na ukweli usemwe, ilikuwa mizuri kuliko milima ya kweli. Mtu aliyekuwa haongezi hata kichuguu kwenye ramani ya serikali aliongeza milima saba kwenye wimbo wa mama yake, kwa sababu bwana anayeramba vidole alisema mkono wake ni mzuri.

Na faida yake? Siku ya maonyesho Bwana Manukato aliliweka daftari wazi juu ya kijimeza kwenye ujia wa kuelekea chooni. Watu walitoka humo wakikung'uta mikono. Mmoja aliweka kikombe juu ya ukurasa akasahau. Mdogo wake alifika amevaa koti lake la bendi, akasimama mbele ya kijimeza, akaugongesha mguu wake chini chini, tap, tap, akifuata miti. Kisha mguu ukasimama.

"Dada," aliuliza, "sasa hapa mimi napumulia wapi?"

"Watu hawanunui pumzi zako," Bi Kinyaa alimjibu.

Mdogo wake alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Hakulitaja tena jambo hilo. Baada ya miezi minne akaanguka bafuni, na tangu hapo hata angetaka kulitaja asingeweza.

Sasa sebuleni binti alikuwa amelichukua daftari, amelishikilia karibu na macho.

"Kuna rangi hapa," alisema. "Madaftari mengine ni penseli tupu. Hili ni lile lililokwenda kwa yule bwana wa ukumbi, sivyo? Ndiye aliyeliharibu?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa, na mwongo hauachi mlango wazi bila kuupita.

"Watu wale hawana adabu," Bi Kinyaa alisema. "Ulipaswa kumwona. Alikuwa anaramba vidole. Anaramba, anafunua. Anaramba, anafunua. Nilitaka kutapika."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu.

"Nikikutana naye atanitambua! Wimbo wa bibi, Shangazi! Anapata wapi ujasiri?"

"Kumbe," alisema mgonjwa.

Hakuisema kwa nguvu. Alikuwa amegeuza uso kutoka ukutani, anamtazama dada yake kwa lile jicho zima. Bi Kinyaa alizijua kumbe zake zote, na hii hakuwahi kuisikia. Haikuwa ya njaa wala ya hasira. Ilikuwa kumbe kama watu wote wanavyoitumia, mtu anapogundua aliye mbele yake ni nani.

Kinyaa chake cha miaka sitini na mmoja kilikuwa kimezoea kutoka nje: kwenye vikombe vya watu, mikono ya watu, mate ya watu. Sasa kiligeuka kikamkaa mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini siku akiliona hana pa kukimbilia. Alihisi ulimi wake mdomoni kama kitu cha mtu mwingine.

Binti, asijue lolote, aliliweka daftari mapajani kwa baba yake. "Tuonyeshe, baba. Tuonyeshe ni wapi pameharibika." Mgonjwa aliinama juu ya ukurasa, kidole cha kushoto kikitafuta, na alipoinama udenda ulivutika kutoka kwenye kona ya mdomo wake, uzi mrefu, ukatua katikati ya mlima.

"Mate!" Bi Kinyaa aliruka. "Mate tena! Mungu wangu, mtu huyu hata awe nusu atanitemea!"

Alilinyakua daftari, akatoa leso, akapangusa, kisha akaugeuza ukurasa kutazama kama umepenya upande wa pili.

Mgongo wa ukurasa hakuwahi kuutazama. Nani hutazama mgongo wa mchoro? Mbele alikwangua, alipaka, alinakshi. Nyuma kulikuwa kama kulivyokuwa. Na nyuma, kwenye karatasi tupu, kulikuwa na doa. Duara ya kahawia yenye ukingo wa kijani, karatasi imejikunja pembeni kama ngozi ya kovu. Vidole vichache mbele, jingine. Akafunua ukurasa wa pili: mawili. Wa tatu, moja kubwa. Wa nne, mawili. Yalikuwa saba.

"Ni nini hayo?" binti aliuliza.

"Baba yako," alisema Bi Kinyaa.

"Sikuelewi."

Bi Kinyaa alilisogeza daftari karibu naye. "Ni maji ya tarumbeta. Alikuwa akiyamwaga akinyamaza. Hakuweza kuyamwaga akiwa anapiga, anayamwaga akinyamaza tu. Na mimi nilikuwa navuta daftari, kwa hiyo palipodondoka ndipo nilipokuwa nimefika." Aligeuza ukurasa. "Huku nyuma yapo. Mbele niliyakwangua. Si yule bwana. Ni mimi. Mapengo niliyaziba mimi, kwa mkono wangu huu, nikayapaka rangi."

"Na baba alijua?"

"Aliniuliza anapumulia wapi. Nikamwambia watu hawanunui pumzi zake."

Binti aliliweka tarumbeta kitandani taratibu. Alikuwa msichana wa heshima, hakuwahi kumpandishia shangazi yake sauti, na hata sasa hakuipandisha.

"Shangazi," alisema, "unanitia kinyaa."

Neno hilo Bi Kinyaa alilitumia maisha yake yote na leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia likimjia, na lilimkaa sawasawa kama nguo ya kupimwa. Alisikia wifi yake jikoni akifunga bomba la maji. Nzi alikuwa ametua kwenye goti lake, naye hakumfukuza.

Kisha alifanya kitu ambacho mdogo wake, akisimulia kwa kumbe zake, alikuja kukirudia kwa kila mgeni. Aliweka leso mfukoni. Akakilaza kidole kitupu juu ya doa la kwanza, akalipapasa. Lilikuwa gumu, lenye mikwaruzo, na mwili ulimsisimka mpaka kwenye nyayo. Hakukitoa kidole.

"Nipe sindano," alisema.

Binti alifungua mkoba wake wa kazini, akatoa sindano, akaitoa kwenye karatasi yake. Bi Kinyaa alitoboa katikati ya kila doa kutoka nyuma, matundu saba, halafu akageuza kurasa zikatazama juu. Mwanga wa dirisha ulipita kwenye matundu. Kila tundu lilikuwa limekaa juu kidogo ya mteremko mmojawapo mzuri, laini, wa uongo.

"Huu ni wangu," alisema, akiweka alama ya mkato kwa penseli nzito. "Huu ni wangu. Huu pia. Hapa kwenye tundu alikuwa amenyamaza, lakini ukimya ulianzia wapi na kuishia wapi, sikumbuki. Nimefuta."

"Miti ipo," alisema binti. Sauti yake ilikuwa bado na baridi, lakini alikuwa amesogeza kiti. "Miti hukuigusa. Baba, tuhesabu?"

Ilichukua saa nzima. Binti alipiga vipande vifupi, akasimama, akahesabu miti kwa sauti, na baba yake akakata kwa mkono wa kushoto: hapa, si hapa, rudi. Kumbe ilikwenda na kurudi sebuleni kama mpira. Mara mbili walibishana, na mara moja Bi Kinyaa aliambiwa anyamaze, akanyamaza. Pengo la sita halikupatikana vizuri. Mgonjwa alionyesha miti mitatu, halafu minne, halafu akatikisa kichwa akaacha. Waliliacha kwenye minne. Kitu alichokiua mtu mwenyewe hakirudi chote.

Halafu binti alisimama wima akaupiga tangu mwanzo.

Mlima ulipanda, mkavu, mkali, ukakatika. Kimya. Mti mmoja, miwili, mitatu. Hakuna sauti ila kiatu cha kushoto cha mgonjwa kikigonga chuma cha kiti. Na katika kimya hicho Bi Kinyaa, mtu asiyeweza kushika wimbo, alijikuta amenyoosha mgongo, ameficha mikono nyuma, kama msichana wa miaka tisa aliyevunja sahani. Mama yake alikuwa amemaliza kusema. Alikuwa anamtazama. Anangoja jibu.

Tarumbeta likaendelea, likagomba, likanyamaza tena. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Bi Kinyaa alivuta begi lake, akatoa daftari jipya, la kumi na tano, akaliweka kwenye kistuli kando ya miguu ya binti. Aliketi sakafuni, sakafu isiyofutwa, na mkono wa kushoto ukaanza kuvuta. Machozi yalimtoka na makamasi pia, na akayafuta kwa mkono wa nguo.

Kwenye pengo la saba, refu kuliko yote, walingoja. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Kumbe," alisema mdogo wake.

Alikuwa amejibu. Miaka yote hiyo hakuna mtoto wa mama yule aliyethubutu, na yeye, nusu mtu na neno moja, alikuwa amejibu. Nusu nyingine ya mdomo wake ilikuwa inacheka. Binti alicheka mpaka akashindwa kurudisha tarumbeta midomoni, na alipokuwa akijaribu kujituliza alibonyeza kile kijiti chini ya bomba bila kufikiri, kama alivyofundishwa, akapuliza.

Tone lilidondoka kwenye daftari jipya, kidole gumba kimoja kutoka ilipo penseli. Lilitua, likatambaa, likaanza kunywewa na karatasi. Wote wakamtazama Bi Kinyaa.

Lilimtia kinyaa kiasi cha nywele kumsimama. Alilitazama, akakunja uso, akalizungushia duara ya penseli, taratibu, bila kuacha mwanya, kisha akalivuta daftari.

"Endelea," alisema.